RAV4, CR-V, X-Trail au Kuga: kuchagua SUV ndogo iliyotumika kwa kuangalia magonjwa yake na miito ya usalama

Ukianza kutafuta SUV ndogo iliyotumika, majina manne hayakosekani: Toyota RAV4, Honda CR-V, Nissan X-Trail na Ford Kuga. Ukubwa wake unakaribiana, nafasi ya mizigo inakaribiana, na kwenye matangazo yote yanang'aa. Tofauti kubwa haionekani kwenye picha: ni kitu gani huharibika, huharibika gari likiwa na umri gani, na nani analipia.

Hapo kwenye kulipia ndipo wanunuzi wengi huchanganya mambo mawili. Mwito wa usalama ni pale mtengenezaji anapokiri kwamba gari lake lina kasoro ya hatari, akayaita magari yarudi na kuyatengeneza bure. Ugonjwa wa gari, kama mafundi wanavyouita, ni udhaifu unaojulikana lakini haukutangaziwa mwito. Huo analipia mwenye gari. Mimi huuogopa ugonjwa kuliko mwito, kwa sababu mwito ukitekelezwa huwa umekwisha, ilhali ugonjwa unahama na gari kutoka kwa mwenye wa kwanza hadi wa nne.

Miito nayo haina uzito mmoja. Mwaka 2019 Subaru iliita magari yapatayo milioni 2.3 duniani, Forester zikiwemo, kwa sababu mvuke wa silikoni kutoka kwenye vipodozi na dawa za kusafishia ungeweza kuingia ndani ya swichi ya taa za breki na kuzizima. Swichi inabadilishwa, mambo yameisha. Upande mwingine kuna miito ambayo mtengenezaji anakuambia uegeshe gari nje, mbali na nyumba, mpaka litengenezwe. Hyundai iliwaambia hivyo wenye Tucson za 2016 hadi 2021 baada ya kugundua kwamba moduli ya breki za ABS ingeweza kupata shoti na kuwaka hata gari likiwa limezimwa. Na juu kabisa kuna ule unaosema usiendeshe kabisa.

Vigezo

Nitayapima magari yote manne kwa maswali haya. Yameitwa kwa kasoro zipi? Miito ikishatekelezwa, ugonjwa gani unabaki? Ugonjwa huo unatoa dalili mapema, au unakuacha barabarani bila onyo? Na gari linamfaa nani?

Swali la pili ndilo nalipa uzito mkubwa. Pampu ya maji inayovuja na silinda hedi (kichwa cha injini) iliyopasuka zote ni matatizo ya kupoza injini, lakini ya kwanza ni kazi ya siku moja gereji na ya pili inaweza kumaliza injini nzima.

Kwanza namba ya chesisi

Bila namba hii hakuna ulinganisho wa maana, kwa sababu magari mawili ya mwaka mmoja na rangi moja yanaweza kuwa na historia tofauti kabisa. Gari lililouzwa Marekani au Ulaya lina namba yenye tarakimu na herufi 17. Kama ni la Marekani, iingize kwenye tovuti ya NHTSA, wakala wa usalama barabarani wa nchi hiyo, uone miito ambayo haijatekelezwa. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani lina namba fupi, inayoanza na msimbo wa modeli, kama NT32 kwa X-Trail ya kizazi cha tatu yenye gia ya magurudumu manne. Namba hiyo haisomeki kwenye mfumo wa Marekani. Inatafutwa kwenye tovuti ya Kijapani ya mtengenezaji mwenyewe. Muuzaji akikuambia "nimeangalia, halina mwito," muulize aliangalia wapi. Namba ya Japani iliyoingizwa kwenye tovuti ya Marekani haileti kitu, na watu husoma ukimya huo kama usalama.

Takwimu nitakazotaja nyingi ni za Marekani, kwa kuwa huko miito hutangazwa kwa idadi na sababu. Gari la soko jingine linaweza kuwa na kasoro ileile chini ya mwito wenye namba nyingine, au lisiwe nayo kabisa kwa sababu lilifungwa kifaa tofauti.

Toyota RAV4 (2013–2018)

*Miito.* Mwaka 2023 Toyota iliita RAV4 zipatazo milioni 1.85 nchini Marekani, za modeli ya 2013 hadi 2018. Baadhi ya betri za volti 12 zinazonunuliwa kubadilisha ile ya awali zina sehemu ya juu ndogo zaidi. Kibano kisipokazwa sawasawa, betri husogea gari linapokata kona kwa nguvu, terminali ya chanya inagusa kibano cha chuma, na moto unaweza kuanza. Hii unaikagua mwenyewe: fungua boneti, shika betri kwa mikono miwili na ujaribu kuisukuma upande hadi upande. Isitikisike hata kidogo. Angalia pia kama terminali ya chanya ina kifuniko chake, na kama kuna alama nyeusi ya kuungua kwenye kibano.

Kuna na mwito wa 2016, uliogusa RAV4 za 2005 hadi 2014, magari karibu milioni 2.9 duniani. Katika ajali kubwa ya mbele, fremu ya chuma ya kiti cha nyuma ingeweza kukata mkanda wa abiria. Dawa yake ni kifuniko cha plastiki juu ya fremu hiyo. Kwa yeyote anayebeba watoto nyuma, mwito huu usipuuzwe kwa kuwa ni wa zamani.

*Ugonjwa.* Kidogo. Kwenye injini ya lita 2.5, pampu ya maji hupenyeza kulanti, yaani maji ya kupoza injini, baada ya miaka kadhaa. Ukiona ukoko wa rangi ya waridi umekaukia karibu na pampu, ndiyo hiyo. Tatizo kubwa liko kwenye kizazi kilichotangulia: RAV4 za 2006 hadi 2008 zenye injini ya lita 2.4, 2AZ-FE, zinakula oili kupitia ringi za pistoni. Ukishuka miaka kutafuta nafuu ya bei, ujue unahamia huko.

*Dalili.* Magonjwa yake yanatoa onyo, na hiyo ni sifa kubwa.

*Inamfaa* anayetaka kukaa na gari muda mrefu. Ila RAV4 haishuki thamani haraka, kwa hiyo pesa ileile inakupa gari lililochoka zaidi kuliko mengine matatu. Sifa ya jina haiondoi kilomita ambazo gari limeshatembea, na RAV4 iliyotunzwa vibaya inatengenezwa kwa pesa kama gari jingine lolote.

Honda CR-V (2012–2018)

*Miito.* Uzito uko kwenye zile za nyuma kidogo. CR-V za 2002 hadi 2011 ziliguswa na sakata la eabagi za kampuni ya Kijapani ya Takata, mwito mkubwa kuliko wote katika historia ya magari, uliohusisha eabagi zipatazo milioni 67 kwa Marekani peke yake. Kemikali ya kulipua eabagi, amonia naitreti, huharibika kwa miaka ya joto na unyevu. Ajali ikitokea, kasha la chuma hupasuka na vipande kumrukia dereva. Baadhi ya Honda za 2001 hadi 2003 zilipewa agizo la kutoendeshwa kabisa. Ukishawishika na CR-V ya zamani, hakuna namna ya kukwepa swali hili. Kukagua kwa macho hakusaidii, maana eabagi mbovu na nzima zinafanana; namba ya chesisi ndiyo inayojibu.

Kwa magari mapya zaidi, mwishoni mwa 2023 Honda iliita magari zaidi ya milioni 2.5 Marekani, yakiwemo baadhi ya CR-V za 2018 na kuendelea, kwa sababu ya pampu ya mafuta ambayo feni yake ya plastiki huvimba na kuifanya injini izime.

*Ugonjwa.* Hapa gawa miaka. Za 2012 hadi 2014 zenye lita 2.4 hutoa mlio mkali wa sekunde moja au mbili injini ikiwashwa asubuhi. Ni kifaa cha kubadili majira ya vali, kinabadilishwa. Ya 2015 iliyouzwa Marekani ilipata giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua) na injini iliyorekebishwa, ikaanza kutetemeka inapokuwa imesimama kwenye gia. Inakera, haiui.

Za 2017 na 2018 zenye injini ya turbo ya lita 1.5 zinahitaji uangalifu wa kweli. Injini hii inachukua muda kupata joto, na kwenye safari fupi za baridi petroli isiyoungua hupenya pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Oili nyepesi namna hiyo hailindi vyuma. Mapema 2018 tatizo lilifika hatua ya Honda kusitisha uuzaji wa CR-V mpya nchini China, na Marekani kampuni iliongeza muda wa dhamana ya injini.

*Dalili.* Chomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, ipanguse, irudishe, ichomoe tena. Katika magari mengi unaogopa oili kupungua. Hapa ogopa ikiwa imepanda juu ya alama ya juu. Kisha inuse. Harufu ya petroli ikiwa wazi puani, gari hilo limekuwa likiishi kwa safari fupi na oili yake haijabadilishwa kwa wakati. Fanya hivi kabla muuzaji hajakuandalia gari, kwa sababu oili mpya ya jana inaficha kila kitu.

*Inamfaa* familia inayothamini nafasi, kwa maana siti za nyuma za CR-V ni pana kweli. Anayesafiri mwendo mrefu hana sababu ya kuikimbia turbo. Anayekwenda safari fupi kila siku mahali pa baridi achukue ya kabla ya 2017 isiyo na turbo.

Nissan X-Trail (2014–2020), Rogue kwa Marekani

*Miito.* Mwaka 2022 Nissan iliita Rogue karibu 689,000 za 2014 hadi 2016. Maji yenye chumvi yakiingia miguuni pa dereva, hufika kwenye kiungio cha wayaringi na kukipa kutu. Vioo vya umeme vinaanza kugoma, taa za onyo zinawaka ovyo, na mwisho wake unaweza kuwa moto. Ingiza mkono chini ya kapeti upande wa dereva, juu karibu na pedali, uguse sponji iliyo chini. Kapeti juu inaweza kuwa kavu na sponji ikawa mbichi. Mwaka uliofuata, magari zaidi ya 700,000, ikiwemo Rogue ya 2014 hadi 2020, yaliitwa kwa sababu ya ufunguo wa kukunja, ambao ungeweza kujikunja safarini na kuzima injini.

*Ugonjwa.* Giaboksi ya CVT. Nianze na kilicho kizuri: injini za lita 2.0 na 2.5 za gari hili ni imara, na mafundi wengi hawana malalamiko nazo. Lakini nguvu yake inapita kwenye mkanda wa chuma uliobanwa kati ya puli mbili, na kinachoshikilia ubano huo ni shinikizo la mafuta ya giaboksi. Mafuta yakichoka au yakipata joto kupita kiasi, mkanda unaanza kuteleza na kuzikwangua puli. Vumbi la chuma linachafua mafuta, vali zinakwama, na uharibifu unajiongeza wenyewe. Ndiyo maana CVT haifi polepole kwa miaka kumi. Ikianza kutetemeka, muda wake unahesabika.

Kwa Rogue za 2014 hadi 2018, Nissan iliongeza dhamana ya CVT Marekani hadi miezi 84 au maili 84,000. Kwa mnunuzi wa leo hiyo ni habari ya historia, maana muda huo umekwisha. Kitu kinachoharibika kwa wengi lakini hakihesabiwi kuwa hatari kwa usalama kinaishia kwenye mfuko wa mnunuzi wa pili.

*Dalili.* Zipo, ila zinataka joto. Kuzunguka mtaa mara moja hakutoshi. Endesha nusu saa nzima, tafuta mlima, kanyaga kwa wastani, usikilize. Gari likitetemeka kama linapita kwenye vijiwe vidogo, mzunguko wa injini ukipanda na kasi isipande, au nguvu ikikatika ghafla baada ya kupata joto, acha. Kisha uliza karatasi za kubadilisha mafuta ya giaboksi, na ziwe zinataja NS-3, mafuta yake rasmi. Muuzaji anayesema mafuta ya CVT hayabadilishwi maisha yote amekujibu tayari. Mafuta ya giaboksi ya kawaida yakimiminwa humo yanaiua.

*Inamfaa* anayepata gari lenye kumbukumbu kamili za huduma, au anayekubali gia za mkono. X-Trail za dizeli zenye gia za mkono zipo kwenye masoko ya Ulaya, na kwa hizo hofu yote niliyoieleza hapa inaondoka. Haimfai anayevuta trela wala anayepanda milima mirefu akiwa amejaza mzigo.

Ford Kuga (2013–2019), Escape kwa Marekani

*Miito.* Hili ndilo lenye orodha ndefu kuliko yote. Escape ya 2013 yenye injini ya turbo ya lita 1.6 ilikuwa sokoni miezi michache tu pale Ford ilipowaambia wenye magari yapatayo 11,500, Julai 2012, wasiyaendeshe kwa sababu ya bomba la mafuta. Miito ya kuchemsha injini ikafuata, mmoja baada ya mwingine. Kiini ni kilekile: kulanti ikipungua, silinda hedi inapata joto sehemu moja, inapasuka, oili inavuja kwenye chuma cha moto. Afrika Kusini, Kuga kadhaa ziliungua barabarani, na Januari 2017 Ford iliita Kuga 4,556 zenye injini hiyo, zilizotengenezwa kati ya Desemba 2012 na Februari 2014. Mtu mmoja alikuwa ameshapoteza maisha ndani ya Kuga iliyowaka, mwishoni mwa 2015.

Mwaka 2022 ukaja mwito mwingine, wa magari milioni 2.9, Escape za 2013 hadi 2019 zikiwamo kwenye orodha. Busha inayounganisha kebo ya gia na giaboksi huoza kwa joto na unyevu. Dereva anaweka P ya kuegesha, dashibodi inaonyesha P, lakini giaboksi haiko kwenye P, na gari linaweza kujiondokea. Mpaka uhakikishe imebadilishwa, vuta handibreki kila unaposimama.

*Ugonjwa.* Unategemea injini kuliko gari lolote kati ya haya manne. Ya 1.6 imebaki na mashaka hata baada ya miito, kwa kuwa kurekebisha mfumo wa kupoza hakuifufui silinda hedi iliyokwisha kupata joto kabla. Ya turbo ya 1.5 yenye silinda nne, hasa 2017 hadi 2019, ina malalamiko mengi ya kulanti kuingia ndani ya silinda. Lakini ya lita 2.5 isiyo na turbo, iliyouzwa Marekani, ni injini ya kawaida isiyo na maajabu, na dizeli ya lita 2.0 ya Ulaya nayo ni ngumu, mradi giaboksi yake ya otomatiki, Powershift, ibadilishwe mafuta kila kilomita 60,000.

*Dalili.* Kulanti inayopungua bila tone lolote chini ya gari. Moshi mweupe asubuhi unaogoma kuisha. Injini kukosakosa sekunde chache ikiwashwa. Kipimo cha joto kisikutulize, maana kulanti ikishatoka sensa inapima hewa na mshale unaweza kukaa palepale injini ikichemka. Fungua chupa ya kulanti injini ikiwa imepoa kabisa, na uombe fundi apime shinikizo la mfumo.

*Inamfaa* anayependa gari linaloshika barabara vizuri, kwa sababu kwenye kona Kuga inayashinda mengine, na anayejua kuuliza ni injini gani kabla ya kuuliza rangi. Sifa mbaya ya 1.6 imezishusha bei hata zile zisizo na kosa. Anayechagua injini vizuri anafaidika na hofu ya wengine.

Kwa hali yako

Kama gari ni moja nyumbani na likiharibika kila kitu kinasimama, lipia RAV4, au CR-V ya kabla ya 2017. Afadhali gari lenye umri zaidi kidogo kuliko hasara ya giaboksi.

Kama bajeti imebana na uko kati ya RAV4 iliyochoka na X-Trail changa yenye karatasi zote, nenda na karatasi. X-Trail isiyo na karatasi, hata ikiwa nafuu kiasi gani, iache.

Kama unabeba watoto, anza na miito inayogusa mwili moja kwa moja: mkanda wa nyuma kwa RAV4 hadi 2014, eabagi kwa CR-V ya zamani, busha ya gia kwa Kuga inayoegeshwa kwenye mteremko.

Kama unaishi mbali na karakana ya kampuni, kumbuka kwamba matengenezo ya bure ya mwito hufanywa na wakala rasmi peke yake. Gari lililoletwa kutoka nchi nyingine linaweza kukosa wa kulitengenezea bure hata kama mwito upo. Hapo mwambie muuzaji autekeleze kabla ya malipo, au upunguze bei kwa gharama ya kazi hiyo.

Na kama tayari unalo mojawapo, tafuta namba yako ya chesisi tena, angalau mara mbili kwa mwaka. Mwito wa betri ya RAV4 ulikuja wakati gari la 2013 lilikuwa na miaka kumi, na barua hutumwa kwa mwenye aliyesajiliwa, ambaye huenda aliliuza zamani.